Viza, Vibali na Mfuko wa Ukoo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Kilburn, London)

 

Kamati ya maandalizi imenitaka nizungumze juu ya gharama za viza na vibali vya kuishi ugenini. Mzungumzaji wa mkutano uliopita alipewa historia ya ukoo, na watu wakafurahi; mimi nimepewa risiti. Hata hivyo nimeikubali kazi hii kwa moyo mmoja, kwani naamini kuwa hakuna jambo linaloamua nani yumo katika ukumbi huu leo na nani hayumo kuliko hizi ada ninazokusudia kuzieleza. Tazamaneni, ndugu zangu. Wamo waliotoka Muscat, wamo waliotoka Toronto na Copenhagen, wamo wa hapa hapa London ambao wamefika kwa basi. Kutoka Pemba na Dar es Salaam waliomba kuja watu wanne. Amekuja mmoja.

Niruhusuni nianze na hesabu ndogo ya watoto wa babu mmoja. Mmoja amezaliwa Muscat, ana pasipoti ya Oman. Tangu Februari 2024 mtu kama huyo, akitaka kuja Uingereza kutembea, huomba idhini ya safari kwa simu yake akiwa amekaa sebuleni. Mwezi Aprili 2025 idhini hiyo iligharimu pauni 16, nayo humfaa kwa miaka miwili. Mwenzake amezaliwa Wete, ana pasipoti ya Tanzania. Huyu hujaza fomu ndefu, hupanda boti hadi Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko kiliko kituo cha kupokea maombi na kuchukua alama za vidole, na hulipa pauni 127 kwa viza ya miezi sita, yaani zaidi ya shilingi laki nne za Tanzania, kabla hajahesabu nauli ya boti, malazi ya Dar na picha. Akikataliwa, fedha hazirudi. Babu yao ni mmoja, na majina yao ya tatu ni yale yale. Kilichowatenga ni chombo alichopanda baba wa kila mmoja wao baada ya 1964.

Viwango nitakavyovitaja leo ni vile vilivyoanza tarehe 9 Aprili 2025, isipokuwa nikitaja mwaka mwingine. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo nawaomba msilichukue kijitabu hiki kuwa ndiyo bei ya dukani. Kila mmoja na ahakikishe kabla hajatoa fedha.

Kilburn yenyewe ina somo lake katika jambo hili. Barabara kuu mliyopita asubuhi, upande mmoja ni wa halmashauri ya Brent na upande wa pili ni wa Camden, na kwa miaka mingi pande zote mbili zilijaa watu kutoka Ireland. Walikuja kujenga nyumba na kuchimba mitaro, na walionewa kwa mengi, lakini viza hawakuombwa: tangu miaka ya 1920 nchi hizi mbili zina makubaliano ya kusafiri ambayo yapo hadi leo. Kwa hiyo mama wa Kiayalandi aliweza kuja kuzikwa mwanawe, au kumlea mjukuu kwa mwezi mmoja, kwa nauli ya meli tu. Nalisema hili si kwa husuda. Nalisema ili vijana wajue kwamba gharama ya kuonana na mama yako si sheria ya maumbile. Ni jambo linalopangwa na watu mezani.

Wazee wetu wa mwanzo nao walikuja wakati mlango ulikuwa wazi zaidi. Waliokwishafanya makao hapa kabla ya tarehe 1 Januari 1973, ilipoanza kutumika Sheria ya Uhamiaji ya 1971, walipewa haki ya kubaki, ijapokuwa wengi hawakupewa karatasi yoyote ya kuithibitisha. Mtakumbuka fedheha iliyozuka mwaka 2018, watu wa Karibi waliokaa hapa miaka hamsini walipoambiwa kuwa hawana haki ya kazi wala ya matibabu. Mpango uliofunguliwa Mei 2018 kurekebisha dhuluma hiyo unajulikana kwa jina la meli yao, Windrush, na kwa sababu ya jina hilo wengi wetu hudhani hautuhusu. Unatuhusu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliohamia kabla ya 1973 wameingia ndani yake, na Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Ombi hilo halina ada. Kama kuna mzee katika ukoo huu aliyefika miaka ya sitini na anatembea na pasipoti iliyokwisha muda tangu enzi za Mwalimu, asilipe hata senti kwa mtu yeyote anayemwahidi karatasi; aje kwetu, tutamjazia fomu.

Ama sisi tuliofuata, tumekuja katika zama za risiti. Hadi Agosti 2003, mtu aliyekwisha kuwa ndani ya nchi hii hakutozwa ada ya kuomba kibali cha kudumu. Mwezi huo ikawekwa ada ya pauni 155 kwa aliyepeleka maombi yake kwa posta, na watu wakanung'unika barazani. Mwaka 2007 ikawa 750. Mwaka 2015 ikafika 1,500, mwaka 2018 ikawa 2,389, Oktoba 2023 ikapanda hadi 2,885, na Aprili 2025 ikasimama kwenye 3,029. Hiyo ni kwa kichwa kimoja, na mtoto mchanga ana kichwa sawasawa na baba yake. Mwaka ule wa 2018, kwa takwimu za Serikali yenyewe, kulishughulikia ombi moja kuligharimu kiasi cha pauni 243. Mtu aliyelipa 2,389 basi alilipia kazi ya ombi lake, na kilichobaki, karibu mara tisa ya kazi hiyo, kilikwenda katika shughuli nyingine za uhamiaji. Sheria ya Uhamiaji ya 2014 inaruhusu jambo hilo waziwazi. Mimi siiti hiyo ada. Naiita kodi.

Juu ya hiyo iko tozo ya afya. Ilianza Aprili 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka, ikawa 400 Januari 2019, ikawa 624 Oktoba 2020, na tangu tarehe 6 Februari 2024 ikawa 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Hulipwa ya miaka yote mara moja, kabla kibali hakijatolewa. Mpwa wangu anayesafisha wodi za hospitali usiku hukatwa kodi ya mshahara kama Mwingereza yeyote, kisha hulipia hospitali hiyo hiyo kwa mlango wa pili.

Sasa nichukueni pamoja nami kijana wetu mmoja, raia wa hapa, aliyeoa Unguja. Harusi ilichangiwa na ukoo mzima, kuanzia pilau hadi turubai, na hongera zikatoka mabara manne. Baada ya harusi alibaki peke yake na fomu. Viza ya mke aliyeko nje ni pauni 1,938. Inatolewa kwa miezi thelathini na mitatu, na tozo ya afya huhesabiwa kuwa ya miaka mitatu: 3,105. Hapo ni 5,043 kabla mke hajapanda ndege. Baada ya muda huo huongezwa miezi thelathini, ada 1,321 na tozo 2,587 na nusu. Kisha, akitimiza miaka mitano, kibali cha kudumu 3,029 na mtihani wa maisha ya Uingereza pauni 50. Jumla ni pauni 12,030 na nusu, bila ya mtihani wa Kiingereza, cheti cha kifua kikuu, tafsiri ya cheti cha ndoa, wakili, wala nauli. Na haya yote yanamhusu tu yule mwenye kipato cha kutosha: kiwango kilichowekwa Julai 2012 kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka, na tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa kuwa 29,000 kwa wanaoanza njia hiyo. Mahakama ya Juu iliulizwa juu ya kiwango kile cha mwanzo, na Februari 2017 ikasema kuwa ni kigumu lakini hakivunji sheria.

Najua ndoa mbili zilizomo ukumbini humu ambazo karatasi zake zililipwa kwa upatu. Kina mama wa Kilburn waliona mapema zaidi kuliko sisi wanaume kwamba mzigo huu haubebwi na mshahara wa mtu mmoja. Waliweka pauni hamsini hamsini kila mwezi, na yule aliyekaribia tarehe ya kuomba alipewa zamu ya mbele. Hawakuandika katiba, hawakuchagua mwenyekiti, na hakuna aliyewahi kudhulumiwa. Wakati huo huo baadhi ya vijana wetu walikuwa wakikopa kwa riba ili wasiseme.

Neno hilo la kutosema ndilo linalonileta kwenye jambo gumu zaidi. Ndugu zetu wa nyumbani wana lawama dhidi yetu, na lawama hiyo nimeisikia Wete, nimeisikia Kariakoo, nimeisikia hata Mombasa: kwamba sisi wa London hatupendi kuwaalika jamaa. Mtu huomba barua ya mwaliko, akajibiwa "subiri kidogo", na subira hiyo ikawa miaka sita. Anayeomba hudhani kuwa barua ndiyo viza. Naomba wale mtakaorudi nyumbani na kijitabu hiki mlisome fungu hili kwa sauti.

Barua ya mwaliko ni karatasi moja katika bahasha. Anayelipima ombi hutazama zaidi mwombaji mwenyewe: ana kazi gani, ana nini kitakachomrudisha kwake, fedha zilizo katika akaunti yake zimetoka wapi na lini. Hapa nataka kuonya juu ya desturi moja iliyotuingia. Mtu huazima milioni tano kwa jamaa, akaziweka benki wiki mbili kabla ya kuomba, ili taarifa ya benki ipendeze. Haipendezi. Fedha iliyoingia ghafla bila ya maelezo huonekana mara moja, na ni bora zaidi kueleza kwa ukweli kwamba gharama zote za safari zitabebwa na ami yangu aliyeko Kilburn, pamoja na hati zake za mshahara, kuliko kuvaa nguo ya kuazima. Anayepatikana na udanganyifu katika maombi anaweza kufungiwa mlango kwa miaka kumi, na siyo yeye tu atakayetazamwa kwa jicho jingine.

Zamani aliyekataliwa viza ya kutembelea jamaa alikuwa na rufaa. Tarehe 9 Julai 2012 orodha ya watu wanaohesabiwa kuwa jamaa ilipunguzwa kwa ajili ya rufaa hiyo. Shangazi, mjomba, mpwa na mtoto wa ami wakaondolewa. Fikirini, ndugu zangu: kwa amri moja nusu ya watu waliomo humu waliacha kuwa jamaa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 2013, rufaa hiyo yenyewe ikafutwa kwa wote waliobaki, isipokuwa kwa misingi michache kama haki za binadamu. Tangu hapo, aliyekataliwa kwa kawaida huomba upya, na kulipa upya. Mwezi Julai 2019 makundi ya wabunge wa hapa yalichapisha ripoti juu ya viza za wageni kutoka Afrika, wakakuta kwamba mwombaji wa Kiafrika alikuwa na uwezekano wa kukataliwa zaidi ya mara mbili ya waombaji wa sehemu nyingine za dunia. Kwa hiyo ndugu yako wa hapa anaposema "subiri", mara nyingi anahesabu: pauni 127 mara ngapi?

Wenzetu wa Marekani nao wana yao. Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo mgeni wake anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000 kabla ya kupewa viza ya kutembea. Hapa Uingereza wazo kama hilo liliwahi kutangazwa mwaka 2013, dhamana ya pauni 3,000 kwa wageni wa baadhi ya nchi, likaachwa mwaka ule ule kabla halijaanza.

Msiba ni jambo jingine. Maiti hangoji viza. Jibu la kawaida huchukua wiki tatu. Ukitaka la siku tano za kazi, ada ya haraka ni pauni 500 juu ya ile ya kwanza, na hata hizo siku tano ni nyingi kwa watu wanaozika kabla ya magharibi. Pendekezo langu ni kwamba ukoo uache kabisa kutumia fedha kuwahi mazishi ya London kutoka nyumbani. Aje mtu wa arobaini, kwa ombi la kawaida lililotayarishwa kwa utulivu, na zile pauni 500 zimfae mjane.

Na sasa, wazee wangu, nakuja penye uzito.

Mfuko wa ukoo, kama mweka hazina alivyosoma asubuhi, una pauni 3,900. Zipo hoja mbili juu yake. Ya kwanza ni kumleta bibi yetu wa Wete, ambaye ametimiza miaka sabini na tisa na ameomba, kwa maneno yake mwenyewe katika kanda aliyotutumia, awaone vitukuu wake kabla macho hayajamzima. Ya pili ni ya watoto wawili wa mpwa wangu, mmoja wa miaka kumi na tano na mmoja wa tisa. Hoja ya kwanza imeungwa mkono kwa machozi, na mimi pia nililia. Lakini nitasema ninayoyaona.

Watoto hawa wamezaliwa hospitali iliyo dakika kumi kutoka hapa. Wengi wenu mnadhani kuwa aliyezaliwa London ni Mwingereza. Alikuwa hivyo hadi mwisho wa 1982. Tangu tarehe 1 Januari 1983 mtoto huzaliwa raia pale tu mzazi wake mmoja ni raia au ana kibali cha kudumu. Wazazi wa hawa walikuwa na vibali vya muda. Mwaka 2021 walitimiza masharti ya kibali cha kudumu, ada ikiwa 2,389 kwa kila mtu, na fedha zilitosha kwa watu wawili. Wakajilipia wao, kwa kuwa kazi zao ndizo zilizokuwa zikiwalisha wote, na watoto wakaachwa kwenye vibali vya muda. Msiwahukumu, hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa jikoni mwao siku ile.

Lakini tangu siku mzazi alipopata kibali cha kudumu, watoto hawa wana haki ya kusajiliwa kuwa raia, maadamu hawajafika miaka kumi na minane. Ada ni pauni 1,214 kwa mmoja. Ada hii ina kesi yake. Mwaka 2018 ilikuwa 1,012 wakati kazi yenyewe iligharimu 372, na chama kinachotetea usajili wa watoto kiliipeleka Serikali mahakamani. Mahakama ya Rufaa ilikubali mwaka 2021 kwamba maslahi ya watoto hayakupimwa ipasavyo; Mahakama ya Juu ikasema Februari 2022 kwamba Bunge limeruhusu kiwango hicho. Kilichopatikana ni msamaha wa ada, ulioanza Juni 2022, kwa familia isiyoweza kulipa. Yeyote mwenye hali ngumu auombe huo kwanza. Mpwa wangu na mkewe wamekwishauomba, na kipato chao kimezidi kidogo: si maskini wa kusamehewa, si matajiri wa kulipa.

Kuwasajili wote wawili ni pauni 2,428, mara moja katika maisha yao. Wasiposajiliwa, kibali cha kila mtoto kitaongezwa kila baada ya miezi thelathini kwa ada ya 1,321 na tozo ya afya ya 1,940: pauni 3,261 kwa mtoto mmoja, kwa awamu moja tu. Kusajili, basi, ni chini ya nusu ya kungoja. Na huyu mkubwa ana miaka mitatu mbele yake. Skuli yake ilipokwenda Ufaransa alibaki nyumbani akisema anaumwa tumbo. Mwaka wa mtihani wake wa mwisho rafiki zake watauliza chuo gani, na yeye atauliza karatasi gani.

Naye bibi yetu? Simwachi. Lakini nataka tuelewane tunamleta kwa njia gani. Wapo wanaosema aletwe abaki. Njia ya mzazi mtu mzima kuja kukaa na wanawe ilibanwa Julai 2012 kiasi kwamba ni lazima ithibitike kuwa hawezi kujihudumia mambo ya kila siku, na kwamba huduma hiyo haipatikani kwao hata kwa fedha tunazoweza kumpelekea. Ada yake ni pauni 3,413, hairudi, nayo ingekula karibu mfuko wote. Bibi yetu, tunashukuru, bado anajitekea maji. Ombi hilo lingekuwa kutupa fedha baharini. Aje kutembea, kwa miezi miwili au mitatu ya kiangazi: viza 127, safari ya Dar na mtu wa kumsindikiza, tiketi, na bima ya afya, ambayo naisisitiza, kwani mgeni akilazwa katika hospitali za Serikali hapa hutozwa mara moja na nusu ya gharama. Kwa hayo nimepata ahadi za watu sita hapa Kilburn na wawili wa Muscat, nje ya mfuko. Tukiwalipia watoto 2,428, mfuko utabaki na 1,472, na humo tunaweza kuongeza kitakachopungua katika tiketi ya bibi.

Kuna watakaosema: wazazi wao wanafanya kazi, kwa nini ukoo ulipe? Nawajibu kwamba hao hao walichangia kila harusi na kila khitma kwa miaka kumi na mitano, na hakuna aliyewauliza wao kama bwana harusi ana kazi.

Nipitie kwa haraka upande wa pili wa safari, kwa kuwa mkutano ujao unapangwa kufanyika Unguja. Mwenye pasipoti ya Uingereza hulipa dola 50 za viza ya kawaida ya Tanzania, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine. Watakaopitia Mombasa wahesabu dola 30 za idhini ya Kenya. Wapo miongoni mwetu wanaoudhika kulipa kuingia kijiji alichozikwa babu yao. Udhia huo naufahamu, lakini naona ni mdogo kando ya ule wa anayekuja upande huu.

Wanaofikiria kuomba uraia wa Uingereza nao wahesabu vizuri. Ada ni 1,605, na 130 za sherehe. (Sherehe ya kwanza kabisa ya uraia katika nchi hii ilifanyika hapa hapa Brent, tarehe 26 Februari 2004, na Mfalme wa leo, wakati ule Prince Charles, alihudhuria.) Lakini Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, tofauti na Kenya tangu katiba ya 2010 na Uganda tangu 2009, anayeapa hapa hupoteza ule wa kwao. Mwanzoni mwa 2025 Bunge la Tanzania lilipitisha hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia mwingine. Ni hatua, nami naipokea, lakini hadhi si uraia, na mwenye shamba la mikarafuu la urithi aulize mwanasheria wa kule kabla hajainua mkono hapa.

Na mkitafuta mshauri wa mambo haya, kumbukeni kwamba kutoa ushauri wa uhamiaji kwa biashara bila ya kusajiliwa ni kosa la jinai katika nchi hii tangu sheria ya 1999. Mamlaka ya usajili ilibadilishwa jina Januari 2025, na rejista yake hutazamwa bure. Aliye na kompyuta nyuma ya duka la simu, na bei anayoitaja kwa kunong'ona, mpiteni kwa salamu tu.

Mwenyekiti, hoja zangu ni kwamba mfuko huu, ambao hadi leo umekuwa wa harusi na misiba, uruhusiwe kulipia karatasi. Kwamba watoto watangulizwe mbele ya wageni, na hadhi itangulizwe mbele ya safari. Kwamba kila anayekaribia tarehe ya kuomba amjulishe katibu mwaka mmoja kabla, kwa siri ikibidi, asiende kukopa kwa riba. Na kwamba kila nyumba itoe pauni kumi kwa mwezi, au riale tano kwa walioko Oman, au kile anachoweza aliye nyumbani, hata kama ni kufuatilia cheti cha kuzaliwa ofisini, kwani kazi hiyo nayo ni mchango na mara nyingi ndiyo inayokwamisha mengine yote.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ya kulia, karibu na birika la chai. Wazazi wa watoto hawa wawili wametoka nje kwa heshima ili tuzungumze kwa uhuru. Naomba majadiliano yaanze na hoja yao, na kura ipigwe kabla hatujawaita waingie kula.